Kikapu cha Chuma Mbele ya Dirisha la Shangazi

Hebu niambie wewe: nani anachungulia kwa kisogo?

Swali hilo liliniondolea raha kabisa. Fundi chokaa alianguka kutoka kwenye kikapu cha winchi mbele ya nyumba yetu, asubuhi, jua linawaka, na kabla vumbi halijatua mtaa ulishapata jawabu: alikuwa akichungulia wanawake, Mungu kamuumbua. Basi, kesi kwisha, watu wakarudi kwenye kahawa yao. Mimi jawabu lile lilinikwama. Si kwa wema, msinisifu bure, fundi mwenyewe sikuwa nikimjua zaidi ya salamu. Lilinikwama kwa sababu halikukaa. Mtu anayechungulia dirisha uso wake uko dirishani, na akitupwa nje huanguka kwa mgongo. Yule alikuja kifudifudi. Kavunjika mkono, kavunjika mguu, kachubuka paji la uso, na mgongo wake mzima, shati halina hata doa.

Nilimwona mwenyewe, maana nilikuwa wa mwanzo kufika chini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tukikaa Malindi, hii ya visiwani, nyumba ya marehemu babu yangu, ghorofa tatu, ukuta wake wa mbele unatazama njia pana kidogo ambayo gari hupita. Vyumba vya chini vilikuwa duka. Juu tulikuwa wawili tu: mimi, niliyeachika nikarudi kwetu na cherehani yangu, na shangazi yangu, dada yake baba, mjane, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi na mtaa mzima. Shangazi alikuwa mkali wa staha kupita kiasi. Nikitoa kichwa dirishani kumwita muuza mboga, ananivuta nguo: "Rudi ndani we, unaonekana!" Nnaonekana na nani, na miaka yangu ile? Lakini hubishani naye. Mwenyewe hata akifungua mlango kupokea maziwa alijitanda mtandio akaacha macho tu.

Mwaka ule mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kupiga chokaa nyumba za njia yetu na kubadilisha milizamu ya mvua, ambayo ilikuwa imeoza hadi maji ya paa yanatulowesha kitandani. Kwanza mafundi wake walikuja na ngazi za mbao. Na fundi wa ngazi katika mji wetu ana adabu zake, hakuna aliyeziandika lakini kila mmoja anazijua. Anaegemeza ngazi, anaigonga ukutani, anapiga kelele: "Hodi wenyewe! Fundi anapanda!" Ndani mnajibu, "Ngoja!" Mnavuta mbao za madirisha, aliye kichwa wazi anajifunika, aliyelala anaamka. Mkishakuwa tayari mnamwitikia, naye ndiyo anakanyaga kidato cha kwanza. Akifika ghorofa ya pili anapiga hodi tena. Ya tatu vilevile. Kazi inakwenda polepole, lakini hapana mwanamke anayefadhaika.

Halafu likaja lile lori.

Ala! Watoto walilikimbilia kama harusi. Lori lenye mkono mrefu wa chuma unaokunjika, na kwenye ncha ya mkono kikapu cha kusimama mtu, kimezungushiwa vyuma mpaka kiunoni. Dereva anasimama chini anavuta vipini, fundi anapaa. Nilitoka na sindano mdomoni kwenda kulitazama. Nilimuuliza dereva kila kitu: kinabeba watu wangapi, mafuta yakikatika kinashukaje, ndege wanakiogopa? Alikuwa mtu mcheshi, akanijibu yote, ila la ndege hakulijua.

Na hapa ndipo ilipokuwa kasoro, ambayo siku zile hapana aliyeiona, hata mimi mwenye macho ya kutafuta. Ile adabu ya hodi ilikuwa ya ngazi. Ngazi ina vidato, mtu anapanda huku anasema. Kikapu hakina vidato. Kinaondoka chini, na hujameza mate kishafika ghorofa ya tatu. Tena injini inanguruma tangu asubuhi, hata akipiga hodi nani amsikie? Mafundi wakaendelea kupiga hodi zao vilevile kama zamani, chini, mara moja, wakidhani zinafika.

Siku ya kuanguka nilikuwa chumba cha nyuma nashona. Nikasikia bati la duka linalia kishindo, halafu ukelele wa watu. Nimeshuka ngazi sijui nimeshukaje. Fundi alikuwa ameangukia bati lile linalofunika mlango wa duka, likampunguzia, kisha akateleza kifudifudi mpaka njiani. Bila ya bati tungekuwa tunazungumza mengine. Kikapu kilikuwa kinaning'inia upande juu yetu.  Nikapiga magoti mbele ya yule fundi, nikamuuliza, "Umekuwaje baba, umekuwaje?" Akanitazama, uso umejaa chokaa na damu, akasema neno moja tu: "Nimeghafilika." Wakamtia kwenye gari ya jirani wakamkimbiza hospitali.

Nilipopanda juu, shangazi alikuwa chumbani kwake, dirisha limefungwa, tasbihi mkononi. Nikamwambia fundi kaanguka. Akasema, "Nimesikia." Nikaona kafadhaika, na nani asingefadhaika? Nikarudi kwenye cherehani.

Haikupita wiki habari ikawa kubwa. Mzee mmoja wa jirani, ambaye hata hakuwapo siku ile, alikuwa akiisimulia barazani kama aliyekuwa ndani ya kikapu: mtu kafungua mkanda wake wa kujifungia kikapuni makusudi ili ainame vizuri, atazame vyumba vya watu. "Wa kuja hawa, watajua nini haya!" Kefule! Fundi wazee wake walitoka bara, kweli, lakini yeye kazaliwa hapahapa, kitovu chake kiko Mpendae. Ila uvumi hausubiri kuuliza kitovu. Wazee wa mtaa wakamtaka mkandarasi amwondoe kazini, na mkandarasi naye akasema ikithibitika kwamba mkanda ulifunguliwa kwa mkono, hamtaki tena, wala hatomsemea kwa mkandarasi mwengine yeyote.

Siku moja mke wa fundi akaja kwangu. Mwanamke mwembamba, kashika mtandio wake kwa meno. Hakutaka chai. Akanambia, "Dada, wewe unakaa juu. Mwenyewe nikimuuliza ananigeukia ukutani. Watoto wangu huko skuli wanaitwa watoto wa mchunguliaji. Mimi nimeolewa naye tangu msichana, namjua. Lakini na mimi sasa nimeanza kujiuliza. Nambie tu, uliona nini?"

Sikuona kitu. Nikamwambia hivyo, na iliniuma. Maana lile la mwisho alilisema kwa sauti ndogo sana, la kwamba na yeye ameanza kujiuliza. Mguu utaunga, nikafikiri, lakini hili likioza ndani ya nyumba haliungi. Akaondoka, nami nikaweka mkasi chini. Nikasema, leo lazima nijue.

Lori lilikuwa bado limeegeshwa mbele ya nyumba, kazi imesimama kungoja wazee na mkandarasi wakae kikao. Nikaanza na kikapu. Mkanda aliovuliwa fundi siku ile ulikuwa umerudishwa ndani, mpana, mzima, haukukatika. Una kamba fupi, na kwenye ncha ya kamba ndoano ya kubana. Nikaifungua, nikaifunga, kacha, kacha, inafanya kazi vizuri. Ndani mlikuwa na debe la chokaa limepinduliwa, kitako juu, na juu ya kitako alama za nyayo mbili. Nikamuuliza dereva.

"Akilipanda," akasema. "Mlizamu wenu uko juu sana, kikapu hakiufikii kwa sababu ya ile roshani ya ghorofa ya pili, inauzuia mkono. Nilimkataza. Kanambia ni dakika mbili."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Kapiga kelele 'Teremsha! Teremsha!' Hajapatapo kuniita vile. Nikadhani kashikwa na umeme, nikavuta kipini kwa nguvu, kikapu kikagonga ukingo wa roshani." Akafuta uso. "Mimi ndiye niliyemwangusha, dada. Hilo nshalisema. Lakini mkanda sikuufungua mimi."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Nipandishe."

Akacheka. Akaona sicheki.

Ilinigharimu sahani mbili za mkate wa kumimina na maneno mengi. Akanambia nije baada ya adhuhuri, watu wamelala, njia tupu. Basi ndivyo ilivyokuwa, mwanamke mtu mzima na buibui lake kaingia kikapuni, kafungwa mkanda, ndoano kaitia mwenyewe kwenye pete iliyo upande wa ukuta, maana pete ni hiyo moja tu. Kikaondoka. Yarabi! Tumbo lilibaki chini. Buibui likaingia upepo likawa hema, nikawa nalikamata huku nasoma kila dua ninayoijua. Nilipofumbua macho nikaona mapaa ya mji wetu, mabati yenye kutu, matangi, nguo za watu zimeanikwa, na katika hofu yangu yote, wallahi, nilifurahi. Nilitaka kukaa kule nikitazama nyumba za watu zilivyo kwa juu. Kisha nikakumbuka kilichonipeleka.

Nikapanda debe. Kamba ikakaza hapo hapo, ikanivuta kiuno kuelekea ukutani. Nikajaribu kuinama mbele, kwenye dirisha: naam, nainama vizuri, kamba hainizuii hata kidogo. Kwa hiyo anayetaka kuchungulia hana haja ya kufungua mkanda, tena mkanda unamsaidia asianguke. Halafu nikajaribu kugeuka nitazame njia. Siwezi. Kulia, siwezi. Kushoto, siwezi. Kamba inanirudisha palepale, uso kwa dirisha. Anayetaka kulipa dirisha mgongo hana budi aifungue ndoano.

 Alikuwa akigeuka. Lakini anageuka nini?

Nikalitazama dirisha lililokuwa usoni pangu, karibu ningeweza kuligusa. Lilikuwa limefunguliwa nusu, kwa joto la mchana. Ndani, kwenye ubao wa dirisha, nikaona kitana cha mbao na chupa ya mafuta ya nazi.

Lilikuwa dirisha la shangazi. Na pale ndipo alipokuwa akikausha nywele zake akishakoga, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu hapana nyumba ya mbele inayofika urefu ule. Kwa dirisha lile hapana aliyewahi kupita isipokuwa kunguru.

"Teremsha," nikamwambia dereva, na yeye maskini akaniteremsha taratibu mno, kama aliyebeba mayai.

Nilimkuta shangazi anapepeta mchele. Nikakaa mbele yake, nikamuuliza bila kuzunguka, "Shangazi, siku ile fundi alipoanguka, ulikuwa unakausha nywele?"

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia?"

"Hajanambia mtu. Nimepanda."

"Umepanda wapi?" Nikamwonesha dirishani. Akanitazama kama mwendawazimu, akashika kichwa. "Lahaula! Mtoto huyu atanizika!" Kisha akauweka ungo chini, akasema. "Nlikuwa nimefumba macho, jua lanipiga usoni. Nahisi kivuli. Nafumbua, mtu huyu hapa, kama wewe ulivyo hapo. Mimi kichwa wazi, kanga moja, mabega nje. Hata kupiga kelele sikuweza. Na yeye hivyohivyo. Kasema, 'Nisamehe mama,' na kashageuza uso, lakini mwili haumfuati, kitu kimemkamata. Nikasikia kile kidude kinafunguka. Kageuka mzima, kafunika macho kwa mkono, ndo anapiga kelele ateremshwe. Kisha simwoni tena."

"Na unajua wanavyomwita huko nje?"

"Najua."

"Mbona husemi, shangazi?"

Hapo akawaka. "Niseme nini? Nikasimame barazani niwaambie wanaume wazima kwamba mtu kaniona nywele na mabega? Tangu uhai wa baba yangu hapana mwanamme wa nje aliyeniona hata kisigino. Leo niwe hadithi ya kahawa, na umri huu?" Akaanza kupepeta tena kwa nguvu, mchele unaruka nje ya ungo. "Na yeye mbona hasemi? Si ana mdomo?"

Nilikasirika. Nikamwambia, "Hasemi kwa sababu yako," nikatoka. Na nilipokwishatoka ndipo nilipolielewa nililolisema. Angesema neno moja tu angeokoka: nilimkuta mwanamke dirishani, nikageuka. Lakini nyumba inajulikana, dirisha linajulikana, na kwenye dirisha lile mwanamke ni mmoja. Mwenye kusema nimegeuka amekwisha sema nimeona. Ndiyo maana hata mkewe alimgeukia ukutani.

Kikao kilikaa kwenye baraza yetu, kwa sababu ndipo alipoangukia. Walikuwapo sheha, mkuu wa mtaa wetu, mkandarasi, yule mzee jirani na wenzake wawili. Fundi akaletwa na dereva, gongo moja kwapani, mkono na mguu vina plasta, akakalishwa kitini. Sisi wanawake tukawa ndani nyuma ya mlango, mlango umerudishwa tu, kila kitu tunasikia. Mkewe alikuwa pembeni yangu, ameshika kidole changu kukibana. Shangazi aliteremka mwishomwisho, buibui kamili, akakaa juu ya kasha bila kusema na mtu. Sikujua amekuja kwa lipi.

Mkandarasi akauliza, "Mkanda uliufungua mwenyewe?"

"Naam, bwana. Mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilighafilika."

"Watu hawaghafiliki wakafungua ndoano!" yule mzee akadakia. "Sema ulikuwa ukitazama nini!"

 Sheha naye akamuuliza kwa upole, mara ya pili, na fundi akajibu lilelile, nilighafilika, basi. Mkandarasi akaanza kusema, "Sasa mimi kwa upande wangu sina budi..."

"Kageuka." Ilikuwa sauti ya shangazi. Hakuipaza, lakini ilipita mlangoni. "Huyo hakuchungulia. Mwanamme huyo kaniona bila kutaka, kafungua mkanda wake ili anipe mgongo. Ndo kaanguka."

 Kisha mkandarasi akasema, "Fundi, ni kweli hayo?"

Na yule mtu, kazi yake inamponyoka mbele ya macho, watoto wake skuli wanazomewa, mkewe anamsikiliza nyuma ya mlango, akajibu, "Hapana, bwana. Bi mkubwa ananionea huruma tu. Sikumwona mtu yeyote dirishani."

Mkewe akaachia kidole changu. Mimi nilitaka kulia na kumpiga kofi kwa pamoja.

Shangazi akasimama. Akafunua uso wake, akaufungua mlango, akatoka barazani mbele ya wanaume wote wale. Wazee wakaruka kama walioona moto. Yeye hakuwatazama. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha fundi, akasimama mbele yake.

"Mwanangu," akamwambia, "nywele zangu nyeupe hizi kesho kutwa zinakuwa mchanga. Wewe una mke na watoto. Usiniongopee mbele ya watu na mimi nimetoka kwa ajili yako. Sema ulichokiona."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye plasta. Akasema polepole, bila ya kuinua macho, "Zilikuwa mbichi, mama. Nilijua umetoka kukoga, na hukunisikia nilipopiga hodi."

Yule mzee jirani akawa anatafuta bakora yake, na bakora ilikuwa mkononi mwake. Sheha akasema hakuna la kuongeza. Mkandarasi naye akasema fundi ni wake, akipona atapewa kazi za chini, na tangu hapo kikapu kilipandishwa kwa kusimama kila ghorofa, injini imezimwa, mpaka walio ndani waitikie. Lakini hayo niliyasikia kwa sikio moja. Mkewe alikwisha toka nje, ameshika kichwa cha mumewe kifuani pake, hajali wazee wala sheha.

Nilimpandisha shangazi juu. Kwenye ngazi ya pili akachoka, akakaa kitako, akavua buibui, akalia kilio ambacho sikupata kumsikia nacho, hata siku ya kufiwa. Nikadhani ni haya. Nikamwambia, "Yamekwisha shangazi, hakuna atakayekucheka."

"Silii hilo," akasema. Akajifuta na ncha ya kanga. "Tangu nna miaka saba naambiwa nijifunike mimi, nijifiche mimi. Baba kanambia, kaka zangu wamenambia, mume kanambia. Wanaume wote hao, hapana hata mmoja aliyewahi kugeuka. Kageuka huyu. Na kavunjika mguu."